Bustani ya Jikoni: Kutoka Masisi Hadi Walikale

Msafiri atokaye Goma, akiisha kupita Sake, huanza kupanda milima ya Masisi. Huko kuna baridi, ukungu wa asubuhi, na malisho mabichi pande zote. Udongo una rutuba nyingi. Hulea maharagi, mahindi, viazi vya Ulaya na kabichi, ambazo wengi huziita shu. Mgeni akiyaona hayo hudhani kwamba njaa haijui njia ya kufika huku.

Lakini tutazame vema. Malisho hayo ni ya wachache. Mashamba ya walowezi Wabelgiji, baada ya amri ya mwaka 1973 iliyotwaa mali za wageni, yaliangukia mikononi mwa wenye nguvu, na wakulima wengi walibaki na vipande vidogo mteremkoni. Mama mwenye watoto sita hujiuliza kila siku: mboga ya jioni itatoka wapi?

Jibu moja lipo karibu na mlango wa jiko. Ni tuta lenye upana wa mita moja, ili mkono ufike katikati pasipo kukanyaga udongo, na urefu kadiri ya nafasi iliyopo. Huko Masisi yafaa tuta likingame mteremko, na ukingo wake uzuiwe kwa mawe, mvua isiuchukue udongo mpaka bondeni. Mbolea ya mbuzi iliyooza, pamoja na majivu kidogo na maganda ya maharagi, huurudishia udongo nguvu. Lengalenga huchumwa baada ya majuma manne hivi. Kabichi, karoti na vitunguu hufuata.

Maji ya milima hiyo huteremkia mto Lowa, nasi tukiufuata twaingia msitu mkubwa wa Walikale. Hapa joto ni jingi na mvua ni nzito. Rutuba hukaa juu juu tu, na msitu ukikatwa huoshwa upesi. Basi tuta la huku liinuliwe zaidi, shibiri mbili hivi, na kuchimbiwa mifereji kandokando ili mizizi isioze. Miche nayo ifunikwe kwa kichanja cha majani.

Walikale haikosi ndizi, muhogo wala sombe. Hata hivyo, tangu mwaka 2002 hivi, vijana wengi waliacha jembe wakafuata madini ya bati huko Bisie. Ndege ndogo zikawa zikitua barabarani Kilambo, zikishusha vyakula na kupakia madini. Nchi yenye mvua tele ikangoja chakula kutoka angani!

Kisha vita vimewahamisha wengi. Mwezi wa Machi 2025 vilifika hata mji wa Walikale. Watu wa Masisi waliokimbilia kambi za Goma, kabla hazijavunjwa Februari 2025, wengi walilala juu ya mawe ya volkano yasiyolimika. Mahali kama hapo, mfuko uliojazwa udongo na kutobolewa ubavuni hufanya kazi ya tuta. Ujuzi huu haubaki nyuma mtu akimbiapo, na mbegu hufungwa katika pindo la kitenge.

Ndugu wasomaji, tuta halirudishi shamba lililotwaliwa, wala halinyamazishi bunduki. Haki ya ardhi ingali yadaiwa. Lakini mwili wa mtoto hukua leo, na muhogo peke yake humshibisha pasipo kumjenga. Tuinue tuta moja juma hili, na watoto wenyewe wapewe kazi ya kulitunza.