Mgonjwa Aulizwe Uji

Wahenga walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana ya methali hiyo ni bayana: mwenye dhiki hangojwi mpaka aombe, husaidiwa. Hata hivyo, binti mmoja wa chuo kikuu, mwanafunzi wa Kiswahili aliyeikariri methali hiyo tangu shule ya msingi, alikuja kuitilia shaka mwaka 2016, kando ya kitanda cha babake katika kijiji kimoja cha Tetu, si mbali na mji wa Nyeri.

Mzee huyo alikuwa mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa. Hakuwahi kuonja pombe maishani. Mwaka huo tumbo lake lilianza kufura, miguu ikavimba, macho yakageuka manjano. Ulikuwa mwaka mmoja tu tangu Julai 2015, Rais Uhuru Kenyatta alipoamuru msako wa pombe haramu katika eneo la Kati, ikamwagwa mitaroni huku umati ukishangilia. Katika majira hayo, tumbo lililofura lilikuwa ushahidi tosha. Majirani walinong'ona. Katika hospitali ya kwanza aliyoiendea, hakuulizwa anaumwa wapi, bali aliulizwa alikuwa akinywa wapi. Alirudi nyumbani kwa fedheha, akajifungia chumbani miezi mitatu.

Aibu ni ugonjwa wa pili. Alipokubali hatimaye kupelekwa katika hospitali kuu ya Nyeri, vipimo vilionyesha kuwa alikuwa na homa ya ini aina ya B, na kwamba virusi hivyo vilikuwa vimelijaza ini makovu kimyakimya kwa miaka mingi. Hali hiyo ndiyo madaktari huiita sirosisi. Chanjo ya kuuzuia ugonjwa huo iliingizwa katika chanjo za kawaida za watoto wa Kenya mnamo mwaka 2001, yeye akiwa mtu mzima mwenye mvi. Wala si pombe na virusi tu vinavyoharibu ini katika nchi za Mlima Kenya. Kule Mwea, Kirinyaga, wakulima wa mpunga huambukizwa kichocho cha matumbo majini, nacho kikikaa mwilini bila tiba huweza kuliumiza ini na kulijaza tumbo maji vivyo hivyo. Atakayelitazama tumbo la jirani akadai ameijua dhambi yake, hajui asemalo.

Ukoo ulikutana. Wajomba walipendekeza harambee. Ami mkubwa akapendekeza shamba la kahawa liuzwe ili mgonjwa apelekwe India kubadilishiwa ini. Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba moyo wa mzee pia ulikuwa umedhoofu, hivyo asingestahimili upasuaji wa namna hiyo. "Basi hakuna la kufanya," ami akasema, na watu wakaanza kutawanyika.

Hapo ndipo binti alipotambua kosa lililofichwa na maneno. Kukosa tiba ya kuuondoa ugonjwa si kukosa la kumtendea mgonjwa. Katika uwanja wa hospitali ya Nyeri kuna hospisi, kama iliyopo Meru na kama ile ya Nairobi iliyoanza kuhudumia wagonjwa mwaka 1990. Kazi yake ni huduma shufaa: kutuliza maumivu na kumwezesha mtu kuishi siku zake, ziwe nyingi au chache, bila kuteseka pasipo sababu. Muuguzi wa hospisi alipofika Tetu, hakuanza na dawa. Alivuta kigoda, akaketi, akauliza, "Mzee, wewe mwenyewe ungependa nini?"

Chumba kizima kilinyamaza. Katika miezi yote hiyo hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Nataka kulala bila kubanwa pumzi," mzee akajibu. "Nataka shamba lisiuzwe. Tena nataka watu wajue kwamba mimi si mlevi."

Muuguzi akatikisa kichwa. "Hayo mawili ya kwanza tutayashughulikia pamoja. La tatu, mzee wangu, hata ungekuwa umekunywa, ningekuja."

Tangu siku hiyo nyumba ilijifunza upya. Chumvi ilipunguzwa, kwa kuwa huyashikilia maji mwilini. Zilitumika dawa za kuyatoa maji kwa njia ya mkojo, na yalipozidi, yalinyonywa hospitalini kwa sindano. Alipewa kidonge cha kila siku cha kuvidhibiti virusi, pamoja na shira ya laktulosi ya kumpatisha choo mara mbili au tatu kwa siku, ili sumu zisipande kichwani zikamvuruga akili. Mofini ilitolewa kwa kiasi kidogo na kwa nafasi, kwani ini bovu huchelewa kuiondoa mwilini. Dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki na ibuprofeni zilipigwa marufuku. Binti alifundishwa kwamba akiona matapishi ya damu, choo cheusi kama lami, au babake akiukesha usiku na kusinzia mchana huku maneno yakimpotea, asingoje mapambazuko.

Jamaa walikuwa wamemnyima mayai na maharagwe wakidhani wanalipumzisha ini. Muuguzi aliwasahihisha: mwili wa mgonjwa wa namna hiyo hujila wenyewe usiku, basi apewe chakula cha kujenga mwili, na kabla ya kulala anywe uji. Binti akauliza ni uji gani. Babake akacheka kwa mara ya kwanza. Alitaka ucuru uliochachuka, kama aliopikiwa na mamake.

Katika safari ya mwisho ya kutolewa maji, kitanda jirani kililaliwa na kijana wa Karatina ambaye ini lake liliharibiwa na pombe. Hakuna aliyekuja kumwona. Siku ya kwanza mzee alimgeuzia mgongo. Siku ya tatu alimwita bintiye karibu.

"Kesho ulete chupa mbili za uji," alisema. "Na umuulize kwanza kama anapenda uliochachuka."

Mzee alifariki nyumbani majuma kadhaa baadaye, bila maumivu makali, mikahawa ikiwa imechanua dirishani. Shamba lingali la familia. Methali ya wahenga haikukosea kuhimiza hima ya kusaidia. Upungufu uko kwetu sisi, tunaoitumia kumnyamazisha mgonjwa. Uji na upikwe mapema, lakini mwenye kuunywa aulizwe.