Mshahara wa Dola Saba

Majira ya joto yaliyopita tulimchukua mjukuu wetu, kijana wa miaka kumi na miwili, tukaenda naye Boston kuwazuru jamaa. Alasiri moja tukapita mkabala na jumba la serikali ya jimbo la Massachusetts, na hapo tukasimama mbele ya sanamu kubwa ya shaba. Ofisa wa Kizungu yuko juu ya farasi. Ubavuni mwake wanakwenda kwa miguu askari Weusi, bunduki mabegani. Mjukuu akatuuliza: "Babu, huyu wa farasi jina lake limeandikwa. Hawa wanaotembea ni nani?"

Tulikuwa tumesomesha historia takriban miaka thelathini, na swali lile lilitukalisha kwenye ngazi pale pale. Tuliyomweleza twapenda kuwaeleza nanyi, pamoja na moja tulilokaribia kumficha.

Wale ni askari wa kikosi cha 54 cha askari wa miguu cha Massachusetts. Marekani ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza 1861 na kwisha 1865, Kusini ikipigania kujitenga na kuuhifadhi utumwa. Mnamo Januari 1863 Rais Lincoln alitangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi, akaruhusu Weusi waandikishwe jeshini. Gavana John Andrew akaunda kikosi hicho, na Frederick Douglass, aliyewahi kuwa mtumwa, akazunguka kuwahimiza vijana wajiunge. Wanawe wawili walijiandikisha. Maofisa walikuwa Wazungu, na kamanda wao, Kanali Robert Gould Shaw, alikuwa na umri wa miaka 25 tu. Serikali ya Kusini ilikwisha kutangaza kwamba maofisa wa namna hiyo wakitekwa waweza kuuawa, na askari wao kutiwa utumwani. Waliondoka Boston tarehe 28 Mei 1863 wakilijua hilo.

Tarehe 18 Julai wakaamriwa kuongoza mashambulizi juu ya Fort Wagner, ngome ya mchanga na magogo iliyolinda njia ya kuingilia bandari ya Charleston, huko South Carolina. Siku mbili kabla yake walikuwa wamepigana katika kisiwa jirani, kisha wakasafiri usiku, bila usingizi wa maana wala chakula cha kutosha. Mchana kutwa mizinga ya nchi kavu na ya meli iliipiga ngome, hata majemadari wakadhani waliomo wamekwisha. Kumbe walikuwa wamejificha katika mahandaki yao, salama.

Jua lilipokuchwa, askari wapatao 600 walianza kwenda mbio ufukweni. Njia ilikuwa nyembamba, bahari upande mmoja na kinamasi upande wa pili, nao wakasongana huku risasi zikiwanyeshea. Walivuka handaki, wakaupanda ukuta. Kanali Shaw aliuawa juu yake. Walipigana kwa singe na vitako vya bunduki, lakini vikosi vya nyuma vilichelewa, ikawabidi warudi. Sajini William Carney, aliyezaliwa utumwani huko Virginia, aliiokota bendera baada ya mbebaji wake kuanguka. Akapigwa risasi mara kadhaa, akatambaa nayo hadi kwa wenzake bila kuiachia iguse ardhi. Nishani ya juu ya ushujaa alikuja kupewa mwaka 1900.

Zaidi ya askari 250 waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Ngome haikuanguka usiku ule. Shaw alizikwa katika kaburi moja na askari wake, na baba yake akakataa mwili uhamishwe.

Ushujaa wa aina hii vitabu huusimulia sana. Sisi twataka kuwasimulia na ule mwingine. Askari hawa waliahidiwa mshahara sawa na wa wenzao Wazungu, dola 13 kwa mwezi. Siku ya malipo wakaambiwa watapewa 10, na katika hizo 3 zikatwe kwa ajili ya nguo. Zikabaki 7. Wakakataa kuzipokea. Jimbo la Massachusetts likajitolea kuwajazia upungufu. Wakakataa pia, kwa kuwa haki yao ilikuwa kwa taifa, na hawakutaka kufanywa maskini wa kusaidiwa. Koplo James Henry Gooding alimwandikia Rais mwenyewe mnamo Septemba 1863 akidai walipwe kama askari. Walifanya kazi na kupigana takriban mwaka mmoja na nusu bila kupokea senti, na huku nyumbani wake na watoto wao wakitaabika. Katika kikosi ndugu cha 55, kilichogoma vivyo hivyo, alikuwamo Nicholas Said, mzaliwa wa Borno, aliyelelewa katika Uislamu kabla ya kutekwa na kuuzwa. Hatimaye, Juni 1864, Bunge likapitisha sheria ya kusawazisha mishahara. Gooding hakuyaona malipo hayo. Alitekwa vitani, akafa kifungoni mwaka ule ule.

Mjukuu akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Babu, wewe ungekataa?"

Ndugu wasomaji, ingekuwa rahisi kujibu ndiyo. Tulipofika ughaibuni na shahada yetu ya chuo kikuu tulipata kazi ya usiku katika ghala. Ujira tulioahidiwa sio tuliopewa, na wenzetu tuliobeba nao mizigo ile ile walilipwa zaidi. Tulitia mfukoni tukanyamaza, miaka miwili. Watoto wetu tukawaambia kuwa hiyo ndiyo subira. Ukweli ni kwamba tuliogopa.

Tulimwambia mjukuu hayo yote. Hatumlaumu mzazi yeyote aliyeipokea saba kwa sababu mtoto ana njaa. Askari wale wenyewe walijua gharama ya kukataa ilivyowaangukia wake zao. Lakini tusiiite hofu yetu kwa jina la subira mbele ya watoto, wasije wakarithi ukimya wakidhani ni dini.

Tulipokuwa tukiondoka, kijana alizunguka nyuma ya sanamu. Huko majina ya askari Weusi waliokufa yaliongezwa katika miaka ya 1980, miongo mingi baada ya sanamu kuzinduliwa mwaka 1897. Alisimama akayasoma kwa sauti, moja baada ya moja. Sisi tulimngoja hata akamaliza.