Nafasi Nyembamba Kuliko Unywele



Kwetu Ngungu pikipiki ni gari la wagonjwa, ni lori la viazi, ni basi la wanafunzi. Mvua ikinyesha, magari hubaki mbali, nayo pikipiki huendelea kupanda vilima ikiwa na watu wawili na gunia. Kwa hiyo fundi wa pikipiki hashiki vyuma tu, bali hushika pia uhai wa watu asiowajua. Neno hilo nilikuwa nikilisema mara nyingi kabla sijalielewa.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja aliniletea pikipiki yenye injini ya sentimita za ujazo 125. Ilitoa moshi wa buluu, ilikula mafuta ya injini, na mlimani haikuwa na nguvu. Nilifungua kichwa cha injini, nikapitisha ukucha ndani ya silinda, nao ukanasa kwenye ukingo wa juu, pale pete za pistoni zinapogeukia. Silinda ilikuwa imelika.

Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kupeleka silinda Goma ikachongwe, kisha itiwe pistoni kubwa kidogo, kwa maana huuzwa pistoni zinazozidi kipimo cha asili kwa milimita 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00. Hiyo ingetuchukua siku nne au tano. Ya pili ni seti mpya, silinda na pistoni katika sanduku moja, iliyokuwa dukani karibu nasi. Bei yake ilikuwa ndogo, iling'aa, na ingefungwa siku ileile. Kesho yake ilikuwa siku ya soko.

"Fundi, wewe ndiwe unayejua," kijana akaniambia. "Nichagulie."

Nilichagua ile iliyong'aa. Kosa langu halikuwa kununua cha bei nafuu, kwa kuwa mtu hununua kwa kadiri ya mfuko wake. Kosa langu ni kwamba sikuipima. Vibamba vya kupimia nafasi vilikuwa katika sanduku langu la vyombo, hatua tatu kutoka nilipokaa. Sikuvitoa, kwa sababu niliogopa vingeniambia jambo nisilotaka kulisikia.

Pistoni hutengenezwa kwa aluminiamu, na silinda ya namna ile kwa chuma. Zikipata joto, aluminiamu hutanuka karibu maradufu ya chuma. Ndiyo maana huachwa nafasi kati yake, sehemu chache tu za mia za milimita, nyembamba kuliko unywele. Nafasi ikizidi, pistoni hugonga na mafuta hupanda kuungua. Ikipungua, pistoni hutanuka hadi ikaushika ukuta wa silinda. Injini inayozunguka mara 6000 kwa dakika huipandisha na kuishusha pistoni mara 100 kila sekunde. Kwa mwendo huo, kosa dogo halichukui muda kuonekana.

Siku ya tatu, katika mpando mrefu, pistoni ilikwama. Gurudumu la nyuma likasimama ghafla, na kijana akaanguka pamoja na mama aliyembeba mtoto mgongoni. Mtoto hakuumia. Mama alichubuka mkono na goti, akainuka, akaenda kwa miguu hadi kituo cha afya alikokuwa akimpeleka mtoto huyo mwenye homa.

Kijana alirudi akiisukuma pikipiki. Kabla hajafungua kinywa, nikamwuliza: "Ulitia mafuta gani?" Akainamisha kichwa. Aliamini kwamba kosa ni lake, nami nikamwacha aamini hivyo.

Jioni nilifungua injini peke yangu, nikapima mahali ambapo hapakuwa pamekwaruzwa. Nafasi ilikuwa nusu ya ile iliyotakiwa.

Nilikaa na siri hiyo siku mbili. Katika sala ya jioni, tulipofika mahali pa kila mmoja kuyakumbuka makosa yake ya siku, sikuona jingine ila hilo. Asubuhi nilikwenda kwake, nikamwambia: "Si mafuta yako. Mimi sikupima."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza: "Na yule mama, umemwambia?"

Tulikwenda pamoja. Mama alitusikiliza huku akimnyonyesha mtoto, ambaye sasa alikuwa mzima. "Mimi nililaumu barabara," akasema.

Kwa gharama yangu tulipeleka silinda ya zamani Goma. Mzee aliyeichonga aliipima juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili kwa kukingamana, maana silinda hulika na kupoteza uduara wake. Hakuanza kuchonga hadi tulipomwekea pistoni mezani, naye akaipima pia. "Ile namba ya sandukuni ni maneno ya muuzaji," akatuambia. "Mimi huchonga kwa kufuata pistoni niliyoishika."

Ukutani mwake palikuwa na picha ya Porsche 911 ya zamani, gari la namna ile ambayo Vic Preston Jr aliendesha akawa wa pili katika mashindano ya Safari ya Kenya mwaka 1978. Mzee alitueleza kwamba injini yake hupozwa kwa hewa kama ya pikipiki yetu, na kila silinda husimama peke yake, ila ziko sita. Nyingi kati ya silinda zake zimepakwa ndani tabaka gumu lisilochongwa kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo anayelifufua gari kama hilo hutafuta pistoni na silinda zilizolinganishwa tangu kiwandani, na hupima hata uzito, ili pistoni moja isiwe nzito kuliko wenzake. Mwenye gari la thamani kubwa na mwenye pikipiki ya kubebea viazi huulizwa swali lilelile: je, umepima?

Tangu siku hiyo nimekuwa nikipima mbele ya mwenye pikipiki, na namba naisoma kwa sauti. Wapo waliochoka kungoja, wakaenda kwa fundi mwenye haraka. Yule kijana yeye hurudi kwangu, na kila mara hunyosha mkono, akaomba vibamba apime mwenyewe.

Kwa mazungumzo ya kikundi:
1. Katika kazi au masomo yako, ni kitu gani unachoepuka kukipima kwa kuogopa jibu lake?
2. Je, yuko mtu anayejilaumu kwa kosa lililo lako?
3. Ni nani mwingine aliyeguswa na kosa hilo, ambaye bado hujamwendea?