Paka na Mgonjwa wa Figo
Sajini mmoja mstaafu husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa juma. Mkewe aliposikia kwamba paka huleta toksoplasmosisi, alitaka kumfukuza wao, ingawa panya walikuwa tele. Muuguzi akamweleza: kijidudu hicho, kilichotambuliwa Tunis mwaka 1908, hutoka katika kinyesi cha paka, nacho huhitaji angalau siku moja kabla ya kuweza kuambukiza. Hivyo kinyesi kizolewe kila siku. Asikizoe mgonjwa wala mja mzito. Mboga zioshwe, nyama iive barabara. Mwenye figo mbovu kinga yake ni haba. Na akipandikizwa figo, dawa zake huweza kukiamsha kijidudu kilicholala mwilini. Paka akabaki, mishikaki isiyoiva, kipenzi cha sajini, ndiyo iliyofukuzwa.