Gitaa na Nyuzi Zake

Gitaa aghalabu hununuliwa kwa macho, likajutiwa kwa masikio. Mtu huingia dukani akaona ubao unaong'aa kama maji ya kisima, na nakshi ya lulu kandokando ya tundu, na mkono wake ukafika mfukoni kabla ya sikio kuulizwa neno. Macho ni mashahidi wepesi. Hutoa ushahidi hata wasipoitwa. Sikio ni shahidi mpole anayengoja zamu yake. Hakimu mwenye haraka hukata hukumu kabla ya kumsikia, na hasara ya hukumu hiyo hukaa nyumbani miaka mingi, imetundikwa ukutani.

Lakini liko kosa kubwa kuliko la kununua vibaya, nalo ni kupokea chombo kizuri bila ya kujua tabia yake. Kosa hili lilimpata kijana mmoja wa Tanga aliyerithi gitaa la marehemu mjomba wake. Lilikuwa gitaa la klasiki, lenye shingo pana na nyuzi za nailoni, na rangi yake ilikuwa imefifia mahali ambapo mkono wa mwenyewe ulizoea kuegemea. Mjomba alikuwa akilipiga barazani jioni kwa sauti ya chini. Kijana alilipokea kwa heshima, ila moyo wake ulikuwa mahali pengine. Alikuwa akizipenda nyimbo za Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952. Mwenda aliimba kwa Kiswahili, akapiga gitaa kwa gumba na kidole cha shahada, na wimbo wake Masanga ulivuka mipaka ya nchi nyingi. Nyuzi zake zilikuwa za chuma, na mlio wake ulikuwa mkali, safi, wenye kumeta.

Kijana aliutafuta mlio ule katika gitaa la mjomba asiupate. Akaamini kwamba kasoro ilikuwa katika nyuzi. Akanunua nyuzi za chuma, akazifunga, akazikaza mpaka zikafikia sauti yake. Siku ya kwanza alifurahi sana. Siku ya tatu aliona kifua cha gitaa kimeinuka kidogo nyuma ya daraja, yaani kile kijiti kinachoshika nyuzi, wala hakujali. Katika juma la pili, usiku, watu wa nyumba walishtushwa na mshindo kama wa tawi kavu likivunjika. Daraja lilikuwa limeng'oka na kuchukua vipande vya ubao. Mama yake, ambaye gitaa lile lilikuwa sauti ya mwisho ya ndugu yake katika nyumba ile, hakugomba. Alitazama, akazima taa, akarudi kulala. Kimya kile kilimchoma kijana kuliko maneno.

Kosa lake halikuwa kupenda chuma. Chuma kina uzuri wake, na nailoni ina uzuri wake. Kosa lilikuwa la hisabati. Nyuzi sita za nailoni, zikikazwa kwa sauti ya kawaida, huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Nyuzi za chuma za kawaida huvuta kwa kilo 70 hivi au zaidi. Magitaa ya aina hizi mbili hufanana kwa nje kama ndugu, lakini kwa ndani kila moja limeumbwa kwa mzigo wake.

Gitaa la klasiki lilipata umbo lake la leo kwa Antonio de Torres, fundi wa Almería katika Hispania, aliyeishi tangu 1817 mpaka 1892. Alilipa mwili mpana na uzi wa urefu wa milimita 650 hivi, na chini ya kifua akatandaza vijiti vyembamba mfano wa upepeo. Kifua kilikuwa chembamba, kwa kuwa nyuzi za zama zile zilikuwa za utumbo wa kondoo, na nguvu yao haikutosha kuutikisa ubao mnene. Gitaa la chuma lina nasaba nyingine. C. F. Martin alitoka Ujerumani akafika New York mwaka 1833, kisha akahamia Nazareth katika Pennsylvania. Katika karakana yake vijiti vya ndani vilipishanishwa kama herufi X. Mpango huo, ulipotiwa nguvu katika karne ya 20, uliweza kubeba mvuto wa chuma bila ya kifua kupasuka.

Kijana alilichukua gitaa lililovunjika kwa fundi mzee wa mbao. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee alitia kioo kidogo tunduni, akachungulia kwa muda mrefu.

"Mwanangu," alisema, "chombo hiki hakikukukaidi. Kilijitahidi mpaka kikashindwa."

Akaahidi kukitengeneza, kwa sharti kwamba kijana arudi na nyuzi za nailoni.

Nyuzi hizo nazo zina historia yake. Zamani nyuzi tatu nyembamba zilikuwa za utumbo, na tatu nene zilikuwa za hariri iliyozungushiwa waya. Utumbo ulikuwa na sauti tamu, lakini ulinyonya unyevu, ukachakaa na kukatika upesi. Katika Vita Kuu ya Pili ukawa adimu, kwa kuwa madaktari waliuhitaji kushonea majeraha. Ndipo Albert Augustine, fundi wa New York, alipotengeneza nyuzi za nailoni, naye Andrés Segovia, mpiga gitaa mashuhuri wa Hispania, akazikubali. Tangu miaka ile ya 1940 nailoni imeshika mahali pa utumbo. Leo nyuzi nyembamba ni nailoni tupu, na nene ni nyuzinyuzi za nailoni zilizozungushiwa waya wa shaba uliopakwa fedha. Huuzwa kwa daraja za mvuto. Mvuto mkubwa huongeza nguvu ya sauti, lakini huvichosha vidole; mvuto mdogo huvihurumia vidole, lakini uzi huweza kugonga shingo na kunguruma. Mwanafunzi huanza salama kwa mvuto wa kati.

Mtu anayechagua gitaa na atazame kifua kwanza, maana humo ndimo sauti inamozaliwa. Torres alilithibitisha jambo hili mwaka 1862 alipounda gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, na kifua cha ubao mzuri. Gitaa hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya muziki ya Barcelona. Kifua bora ni cha ubao mmoja usio wa tabaka, wa sprusi au wa mwerezi. Sprusi, mti wa jamaa ya msonobari, hutoa sauti wazi. Mwerezi hutoa sauti ya joto inayojibu upesi. Mnunuzi na achungulie ukingo wa tundu: mistari ya ubao ikipita mpaka chini bila ya kukatwa na tabaka, kifua ni cha ubao mzima. Mgongo hufuata baadaye. Mafundi wa ng'ambo huutafuta hata mpingo wa Tanzania na Msumbiji kwa kazi hiyo, lakini mpingo wenyewe hauwezi kukiokoa kifua kibaya.

Kisha na aulize sikio. Abane kila uzi katika kila kituo cha shingo, asikilize kama uko unaonguruma. Auguse uzi kwa wepesi juu ya chuma cha 12, kisha aubane hapo hapo. Milio miwili isipolingana, ama uzi umechoka ama vipimo vina kasoro. Apige kwa upole, maana gitaa duni hupiga kelele vizuri lakini hunong'ona vibaya. Mwisho ampe mwenziwe alipige, naye asimame mbali, asikie kile watakachosikia wengine.

Daraja la gitaa la mjomba lilirudishwa mahali pake, ingawa kovu lilibaki. Nyuzi mpya za nailoni zilinyooka na kulegea kwa siku kadhaa, kama ilivyo desturi yake, na kijana akazikaza kila jioni bila ya pupa. Zilipotulia, aliketi barazani akajaribu wimbo wa Mwenda. Haukumeta, ulitoka mnene na mpole. Mama yake alitoka ndani, akaketi.

"Punguza kidogo," alimwambia. "Mjomba wako hakuwa akilipiga kwa nguvu."

Kijana akapunguza.

Miaka miwili baadaye alinunua gitaa la chuma kwa fedha yake mwenyewe, baada ya kulisikiliza kwa siku tatu. Sasa magitaa yote mawili yamo nyumbani mwake, kila moja na nyuzi zake. Kwani mwenye hekima hakitaki chombo kiwe kingine. Hukijua kilivyo, akakitaka kile kinachoweza kutoa.