Mjomba, wavu wavute vijana



Mjomba, binamu ameniambia bega lako la kulia limeanza tena kuuma, na kwamba pamoja na maumivu hayo bado unaingia Ziwa Tanganyika usiku na karabai, unavuta nyavu za dagaa kama kawaida. Nimeshindwa kukaa kimya. Naandika kwenye safu hii badala ya kukupigia simu kwa sababu najua huko Ikola na Karema si wewe peke yako, na wasomaji wengi wa Mpanda wana wajomba kama wewe.

Habari ya bega langu unaijua kwa juujuu. Majira ya baridi ya mwaka juzi niliteleza kwenye barafu hapa London nikiwahi basi la alfajiri, nikaangukia mkono. Mfupa haukuvunjika. Kilichochanika ni mojawapo ya zile kano nne zinazoushika mkono usichomoke begani. Mimi nilikuwa mtu wa kuogelea maji ya wazi, ziwani, na kila Septemba nilishiriki mashindano ya Serpentine, ziwa la kutengenezwa lililo ndani ya bustani ya Hyde Park. Maili mbili, yaani kilomita tatu na kidogo. Baada ya kuanguka nikawa siwezi hata kuchana nywele zangu.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinianzisha chini kabisa. Niliinama mezani, nikauacha mkono uning'inie na kubembea wenyewe. Baadaye vidole vilipanda ukutani, kila siku juu kidogo ya jana, kisha ukaja mkanda wa mpira. Bwawani alinikataza mpaka mkono ufike juu ya kichwa bila kuuma, na niliporuhusiwa, nilishika ubao nikapiga miguu tu. Mjomba, hakuna jambo gumu kwa mwenye nguvu kama kuambiwa asizitumie. Jioni nyingi nililia kwa hasira.

Wakati huo nilisoma sana habari za Natalie du Toit wa Afrika Kusini. Mwaka 2001, akiwa na miaka 17, aligongwa na gari akiwa kwenye skuta akitoka mazoezini, akakatwa mguu wa kushoto kuanzia gotini. Alirudi bwawani kabla hajajifunza kutembea upya. Mwaka uliofuata, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Manchester, alifika fainali ya mita 800 akishindana na wenye miguu miwili. Lakini Olimpiki aliipata 2008, Beijing, mwaka ambao kilomita 10 za maji ya wazi ziliingizwa huko kwa mara ya kwanza. Akawa wa 16. Kesho yake, kwa upande wa wanaume, dhahabu ilikwenda kwa Maarten van der Weijden wa Uholanzi, ambaye mwaka 2001 huohuo aligundulika kuwa na saratani ya damu. Miaka 7 kwa huyu, miaka 7 kwa yule. Nikaona miezi yangu si kitu cha kulilia.

Nilirudi Serpentine majira ya kuchipua, maji yakiwa bado baridi kali. Maji kama hayo yakigusa kifua, pumzi inakatika, moyo unakwenda mbio, na asiyejua huanza kutapatapa. Waokoaji wa huku wanafundisha kinyume chake: lala chali, masikio yazame, elea mpaka pumzi itulie, ndipo uogelee. Somo la kuelea limefika hata kwetu. Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umefundisha wasichana kuelea na kuogelea wakiwa na mavazi yao ya stara. Natamani lifike Ikola. Ziwa letu lina kina kinachofika mita 1,470, na bado vijana wanapanda mtumbwi usiku hawajui kuogelea. Najua mamba wapo, najua na viboko wanaobanana Mto Katuma wakati wa kiangazi. Sisemi mtoto ajitose popote. Nasema mtumbwi ukipinduka, anayejua kuelea ana nafasi ya kufikiwa.

Septemba iliyopita nikashiriki tena, safari hii maili moja. Suti ya mpira ya kuogelea inabana mabega hata ya mzima, kwa hiyo nilipaka mafuta ya mgando shingoni na kwenye viwiko, mwenzangu akanivutia zipu mgongoni. Kanuni ni kwamba ukizidiwa unalala chali na kuinua mkono, mwokoaji wa kayaki anakuja. Mtaalamu wangu alinikumbusha: uinue wa kushoto, ule mzima. Nilianza na kundi la nyuma, nikawaacha watu wapite, nikahesabu pumzi. Karibu na boya la kugeuzia bega lilianza kuchoka, nikafupisha pigo la mkono. Nilimaliza bila maumivu, na nilifurahi kuliko mwaka wowote wa maili mbili.

Mjomba, mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Miezi 3 nyavu zilikaa nchi kavu, na mlivumilia, ingawa njaa ilibisha hodi. Bega lako nalo linataka kufungwa hivyohivyo.

Safari ya Ikola hadi Mpanda ni ndefu, lakini nenda hospitali ya mkoa wakakupime kwanza. Nauli nitamtumia binamu. Mkanda wa mpira nimempa mtu anayekuja huko. Daktari akikuruhusu, ufunge kwenye nguzo ya baraza usawa wa kiwiko, kiwiko kikae ubavuni, vuta kuelekea nje polepole mara 10, pumzika, rudia. Ukisikia maumivu makali, acha. Wavu wavute vijana kwa sasa. Wewe simamia dagaa wanaoanikwa ufukweni, jicho lako ndilo wanalolihitaji. Ijumaa nitapiga simu kujua daktari amesema nini.