Chupa Mbili za Milioni Saba

Kazi yangu ni kuandikia watu ambao sitawahi kukutana nao. Wiki moja ni vitanda vya mbwa, wiki nyingine ni bima ya mizigo. Juzi mteja mmoja wa ng'ambo alinipa makala tano kuhusu wiski adimu, zile watu wananunua kuweka kabatini. Nikakaa Kaaga, hapa karibu na mji wa Meru, nikisoma habari za kisiwa cha Islay huko Uskoti mpaka bando ikaisha.

Kama hujafika Kaaga, jua tu kwamba hapa ni kwa Wamethodisti. Misheni, kanisa, shule, chuo kikuu. Kwa sebule nyingi pombe haitajwi kwa jina, inaitwa "hiyo kitu". Kwa hivyo nilikuwa naandika kuhusu hiyo kitu, senti tatu za dola kwa kila neno, huku kwaya ikifanya mazoezi ng'ambo ya ua.

Hadithi yenyewe ni hii. Kiwanda cha Port Ellen kilianzishwa mwaka 1825. Kufikia miaka ya themanini Uskoti ilikuwa imepika wiski kupita kiasi na soko likalegea. 1983 wenye kiwanda wakafunga. Mwaka huohuo wakafunga Brora, kaskazini mwa nchi. Lakini mapipa yalibaki ghalani, na wiski ndani ya pipa la mwaloni haikai bure. Inavuta rangi na ladha kutoka kwa mbao, na kila mwaka kama asilimia 2 inapotelea hewani. Waskoti wanaiita fungu la malaika. Inayobaki inazidi kupungua na bei inazidi kupanda. Ikishaingia kwenye chupa, haizeeki tena.

Kuanzia 2001 kampuni ya Diageo ikawa inatoa chupa za Port Ellen kidogo kidogo kila mwaka, na wakusanyaji wakaanza kuziwinda. 2017 ikatangaza pauni milioni 35 za kufufua Port Ellen na Brora. Brora iliwasha moto tena Mei 2021, Port Ellen Machi 2024. Kusherehekea, Port Ellen ikatoa Gemini: chupa mbili za wiski ya miaka 44, seti 274 pekee, pauni 45,000 kila seti. Kwa pesa zetu za wakati huo ni zaidi ya milioni saba. Hapa Meru hiyo ni ploti, na nyumba juu yake.

Nilimwambia shosho. Aliuliza kama hiyo dawa inaponya nini.

"Si dawa, shosho. Na wengi hata hawafungui. Wanaweka, baadaye wanauza."

"Basi hiyo si pombe," akasema. "Hiyo ni ng'ombe."

Shosho anajua anachosema. Kabla hajaokoka alipika chang'aa, na ndiyo iliyomlipia babangu karo. Sukari guru, unga wa mahindi, pipa, bomba la shaba, maji baridi. 1980 serikali ilipitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa, na sheria hiyo ikadumu miaka thelathini. Watu wa chifu walipofika kwake walimwaga kila kitu mtoni. Bomba walienda nalo. Sheria ya 2010 ilipohalalisha chang'aa, mradi ipikwe kwa leseni na iuzwe kwa chupa ya kioo, yeye alikuwa mzee wa kanisa.

Nilimuuliza alijuaje imeiva. Akanieleza kuhusu moto: ukiuchochea sana, inaharibika. Akanieleza pia kwamba ile inayotoka kwanza alikuwa anaimwaga chini, hakuna mteja aliyewahi kuionja. Nilishtuka, kwa sababu nilikuwa nimetoka kuandika jambo hilohilo siku hiyo: kule Uskoti ya kwanza kutoka haiingii kwenye pipa. Kwa mpishi wa kule hiyo inaitwa ufundi. Shosho aliitwa mhalifu.

Lakini sitaki kupaka chang'aa sukari. Februari 2024, mwezi mmoja kabla Port Ellen ifunguliwe, watu 17 walikufa Kirinyaga kwa pombe haramu waliyokunywa kijiji cha Kangai. Mei 2014 ilikuwa Embu na kaunti nyingine, makumi ya watu, na wengine waliobaki hai wakapoteza macho. Hiyo ya 2014 haikuwa pombe ya kupikwa na mtu anayemwaga ya kwanza. Ilikuwa methanoli, kemikali ya viwandani, imechanganywa na mtu mwenye haraka ya pesa.

Hapo ndipo makala yangu ya tano ilinikalia vibaya. Niliambiwa nieleze kwa nini mtu alipe mamilioni. Jibu la kweli ni kwamba analipia kujua: mwaka iliyopikwa, mwaka iliyotiwa chupani, na nambari ya seti yake kati ya 274. Hata huko wapo matapeli. 2018 maabara moja ya Uskoti ilipima chupa 55 za wiski adimu, na 21 zikapatikana si zile zilizodaiwa. Lakini tajiri akiuziwa feki anapoteza pesa. Binamu yangu, ambaye ananunua robo ya bei ya chini kabisa kila jioni, hajui imepikwa wapi, na akiuziwa feki hapotezi pesa tu.

Binamu ana miaka 26, fundi wa kuweka tiles, mikono yake ilikuwa inasifiwa mpaka Nkubu. Siku hizi inatetemeka mpaka anywe. Kwa familia, mimi na yeye tunaombewa pamoja: yeye kwa kunywa, mimi kwa kutoka chuo mwaka wa tatu. "Mtarudi," wanasema, kama watu wanaongojea kiwanda kifunguliwe. Mimi sina haraka ya kurudi, kazi ninayo. Yeye ndiye siwezi kumngojea miaka arobaini.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka kwa shosho. Hakumhubiria. Alimpa uji, kisha akamsimulia vile alikuwa anapika, moto, bomba na ile ya kwanza kumwagwa. Kisha akamuuliza, "Na hiyo yako, nani anamwaga ya kwanza?"

Binamu hakujibu. Alimaliza uji, akaomba mwingine. Tulikuwa tumeongea na kliniki tangu Alhamisi. Jumatatu asubuhi tulipanda matatu pamoja.